Springi za Kiti cha Nyuma

Jumatatu, 6 Machi

Wameacha kuongea nilipoingia.

Binti yangu, kifungua mimba, na Fundi Subiri, wote wawili wameinamia boneti, vichwa vinakaribia kugusana. Nikakanyaga kipande cha bati mlangoni — kimya! Binti akaanza kusifu rangi ya gari. Rangi! Gari hili analiona tangu anatambaa, leo ndiyo kaijua rangi yake.

Fundi tunamwita Subiri kwa sababu ukimuuliza lolote hujibu "subiri kidogo, mzee". Karakana yake safi, mikono yake mikubwa, mdomo wake haujui kufungwa. Ndiyo maana kimya chake kimenishtua zaidi ya cha binti.

Gari liko juu ya stendi, magurudumu yote yametolewa. Jana Jumapili binti alikuja nyumbani akalichukua, ghafla tu, eti springi zimechoka haziwezi kungoja. Kweli zimechoka. Zimelazwa sakafuni, zimefupika, moja imepasuka mzunguko wa chini. Nikipita kwenye tuta, tumbo la gari lilikuwa linakwaruza. Lakini limekwaruza mwaka mzima! Haraka ya jana imetoka wapi?

Subiri akaniuliza swali lake ambalo humuuliza kila mteja kabla ya kuchagua springi mpya. "Mzee, nani hukaa wapi?"

Nikajibu bila kufikiri. Mimi kwenye usukani. Mke wangu pembeni yangu. Nyuma hakai mtu, labda kikapu.

Binti akakohoa.

Mimi nimefanya kazi kwenye mizani ya malori mpaka nikastaafu. Madereva wamenidanganya uso kwa uso, wengine wakiapa kwa mama zao. Nakijua kikohozi cha mafua na nakijua cha mtu mwenye jambo moyoni. Hiki hakikuwa cha mafua.

Jumanne, 7 Machi

Nimekwenda tena. Sikualikwa.

Subiri amepanga springi mezani, za mbele upande mmoja, za nyuma upande mwingine, kila jozi na doa lake la rangi. Zenye doa jekundu ni ngumu: unazibebesha kilo thelathini ndipo zishuke sentimita moja. Njano, ishirini na nne. Kijani, kumi na nane — hizo ni godoro.

Mimi nataka nyekundu mbele. Sababu ninazo. Gari lenye springi ngumu halilalii kona, na mikono inapata habari za barabara kupitia usukani. Nataka kuisikia barabara. Siku hizi napenda kuisikia kuliko zamani.

Subiri akacheka. Akasema hili ni gari la mtaani, si la mashindano. Springi ikiwa ngumu kupita kiasi, kwenye mashimo gurudumu linaruka badala ya kukanyaga, na gurudumu lililo hewani halina breki wala halina kona. Hapo sina ubishi. Nimeona malori matupu yakirukaruka kama mbuzi.

Lakini akaweka kijani mbele na nyekundu nyuma! Nikamuuliza, nyuma hakai mtu, ugumu wote huo wa nini? Safari hii hakusema subiri. Alijibu palepale: gurudumu la mbele hupiga tuta kwanza, la nyuma hufuata. Nyuma ikirudi upesi kidogo kuliko mbele, zinatulia kwa pamoja, gari halitikisi kichwa.

Ni kweli. Hata mimi najua ni kweli. Ila kwa hilo njano ingetosha. Na jibu limetoka haraka mno, limenyooka, halina mkunjo. Jibu lililopigwa pasi limeandaliwa tangu nyumbani.

Kule mizani tulikuwa na msemo wetu: usimsikilize dereva, tazama springi. Mwenye lori aliyeongeza springi za nyuma ana mzigo wake mahali, hata kama leo amekuja mtupu.

Mzigo gani huo, kwenye gari langu?

Alhamisi, 9 Machi

Mikanda! Wanafunga mikanda ya usalama kwenye kiti cha nyuma. Nimeona kwa macho yangu, bado iko kwenye nailoni yake. Nani anafungwa nyuma? Kikapu?

Nimepata jibu. Wanataka kulifanya gari la kukodisha maharusi. Bwana na bibi harusi nyuma, mtu wa video anachungulia dirishani, tarumbeta mbele. Ndiyo maana ya springi nyekundu. Binti ni mkunga, anafahamiana na kila mwanamke mjini. Wateja hawezi kuwakosa. Gari langu lifungwe maua! Nife kwanza.

Mke wangu naye yumo. Nimemsikia kwenye simu jikoni, sauti ya chini. Akasema, "Hapana, mimi nitakaa naye." Halafu, "Asijue kwanza." Nilipoingia akageuza mazungumzo yakawa ya bei ya vitunguu.

Atakaa na nani? Na bwana harusi?

Sikumuuliza, maana tumenuniana. Anadai Jumamosi iliyopita nilimpita njiani. Anasema alikuwa mbele ya duka la dawa, gauni lake la njano, akapunga mkono nimchukue, nami nikapita kama simjui. Sikumpita. Hakuwepo. Mwanamke wa umbo lile ndani ya gauni la njano utamkosaje? Nimemwambia labda alisimama kwenye duka jingine. Akaenda kumenya viazi.

Hata jirani yumo, nahisi. Leo kapita kunisalimu, macho yote kwenye ukuta wake pale gari langu lilipouchubua. Alijenga ule ukuta upya mwaka jana akausogeza kuja barabarani. Hataki kukubali.

Jumamosi, 11 Machi

Jana binti kanichukua mpaka kliniki kwake kupima presha. Presha nzuri. Kanipandisha na mizani, nikamuuliza ya nini, akasema ndiyo utaratibu. Haya.

Leo nimembana mkwe wangu, mume wa binti. Huyu hucheka kwa kila kitu, hata msibani hujizuia kwa shida. Nikamwambia, mwanangu, najua mnachokifanya. Akacheka. Akasema, "Baba, mimi simo."

Mtu asiyekuwamo huuliza, "kwenye nini?"

Jumatano, 15 Machi

Nimeona. Nilitamani nisione.

Nilingoja Subiri atoke kwenda kula mchana. Mlinzi ananijua, akanifungulia, akarudi kwenye redio yake. Gari lilikuwa chini, juu ya magurudumu, springi mpya zimefungwa. Kijani mbele, nyekundu nyuma, kama walivyotaka. Ndani ya gari kulikuwa na watu watatu wamekaa.

Kisha nikasogea. Magunia! Magunia ya mchanga, yamefungwa mikanda.

Ndiyo kazi ya Subiri ilivyo. Hawezi kukukalisha kwenye gari siku mbili ukingoja springi zizoee uzito. Basi hujaza mchanga, gunia kwa kila mtu, kilo zile zile, akalikalisha gunia kwenye kiti cha mwenyewe. Springi zikishakaa, ndipo hupima. Kazi safi. Hata kule mizani tusingefanya vizuri kuliko hivyo.

Kila gunia lina namba ya chaki. Chaki hafifu, ilibidi niinamishe uso mpaka pua ikakaribia kugusa mchanga. Siku hizi hata chaki hawatengenezi za maana.

Kwenye usukani: hamsini na nane.

Hapo nilicheka peke yangu. Mimi sina kilo hamsini na nane tangu nilipooa. Nikajua wamekosea. Kiti cha pembeni, kitupu. Kitupu! Mke wangu amekaa pale tangu gari linanukia duka. Nikaenda nyuma. Kulia: sitini na tisa. Kushoto: themanini na moja.

Nilisimama na hiyo themanini na moja. Nikaipindua kichwani. Bwana harusi wa kilo themanini na moja, bibi wa sitini na tisa? Harusi gani ya watu wazito hivyo? Halafu nikakumbuka mizani ya kliniki. Mshale ulisimama themanini na moja. Binti akasema, "vizuri, baba."

Mimi, mpimaji, nimepimwa! Nikashuka pale nikasema asante.

Hamsini na nane ni binti. Sitini na tisa ni mama yake. Na yule aliyekaa nyuma kushoto, mkanda umemkaza kifuani, amenyamaza, hana mikono — ndiyo mimi. Nimeshahamishwa. Hawajaniambia ila springi wameshaziambia.

Nilikaa kwenye tairi la zamani pale chini. Nilikuwa na uchungu kiasi kwamba nilisikia meno yananiuma. Mlinzi akauliza mzee vipi. Nikamwambia natafuta kitu kimeanguka.

Alhamisi, 16 Machi

Sikusema neno. Waendelee kudhani sijui. Mke wangu kaniuliza mbona huli. Nikamwambia nalinda uzito wangu usibadilike. Akashtuka, kijiko kikagonga sahani. Vizuri. Naye ashtuke.

Jumamosi, 18 Machi

Leo ilikuwa siku ya kupima na watu wenyewe. Subiri alitoa magunia, akaweka mizani nne ndogo, moja chini ya kila gurudumu. Tulifika wote. Mkwe kaja kucheka.

"Haya," Subiri alisema, "kila mtu akae kwake." Kisha akatazama dari.

Niliwahi. Nikafungua mlango wa dereva, nikaingia, nikaufunga. Nikashika usukani kwa mikono miwili. Moyo unadunda kama wa mwizi, ndani ya gari langu mwenyewe!

Mkwe hakucheka.

Subiri akazunguka akisoma mizani zake. Gari lilikuwa limeinua mkia, limelala mbele kulia, bata anayekunywa maji. Nililihisi hata kabla hajasema.

"Mzee," akasema taratibu, "springi hizi hazikuchaguliwa ukae hapo."

"Nani kazichagua?"

"Subiri kidogo —"

"Sisubiri! Miaka yote hii mtu anakaa hapa. Umeuliza nani hukaa wapi, nikakujibu. Ukaenda kuuliza wengine."

Afadhali hakujitetea.

Binti alikuja akachuchumaa dirishani, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo akitaka nimnunulie kitu. "Baba, tulitaka kukuambia gari likishakuwa zuri. Uone tumelifanya kwa ajili yako."

"Mlitaka kuniambia nimeshafungwa mkanda."

Hakukataa. "Ndiyo," akasema. Akaanza kulia, na binti yangu huyu halii ovyo; kazini kwake wengine ndio hulia.

Nilikuwa tayari kubishana na machozi. Sikuwa tayari kwa mama yake. Yeye alizunguka gari, hakufungua mlango wa mbele, akaingia nyuma kulia, akakaa. Gari likashuka kidogo. Akasema nyuma ya kisogo changu, bila hasira:

"Ulinipita, baba watoto. Na sikuwa pembeni. Nilishuka barabarani nikidhani umeniona unasimama. Kioo chako kilinipiga mkono."

Nikasema si kweli. Akanyoosha mkono katikati ya viti, akapandisha kitambaa. Juu ya kiwiko pana alama, imeanza kugeuka manjano.

"Mbona hukusema?"

"Nilikwambia umenipita, ukasema sikuwepo. Ningekwambia na la mkono?"

Hapa naandika ya kweli, maana hakuna wa kusoma. Niliogopa. Sijawahi kuogopa hivi, hata siku ile lori lilipokatika breki kwenye mteremko wa mizani. Niliutazama ule mkono. Kisha nikafikiri: labda aligonga kabati. Kisha nikajichukia kwa kufikiri hivyo. Kisha nikafikiri tena.

Subiri akajifuta mikono kwa muda mrefu. Akasema anaweza kufunga nyekundu mbele na kijani nyuma, gari likae sawa mimi nikiendesha na nyuma patupu. Au aache hizi. "Nafunga mtakachosema. Ila siwezi kufunga zote mbili, mzee. Gari moja haliwezi kungojea watu wawili kwenye kiti kimoja."

Nikawaambia nitalijaribu kwanza walivyolifanya wao. Safari moja. Nitakaa nyuma kama mkaguzi, kisha nitatoa uamuzi.

Walikubali haraka mno.

Jumatatu, 20 Machi

Binti kapanga niende kwa daktari wa macho. Siendi. Huyo daktari walisoma pamoja, matokeo nayajua kabla hajawasha taa.

Nimesimama uani peke yangu nikajaribu kusoma namba ya gari la jirani. Haisomeki. Jirani haoshi gari lake.

Mke wangu anapaka dawa mkono. Anapaka nikiwa sipo, lakini harufu inabaki chumbani. Nimemnunulia chupa nyingine, nikaiweka kwenye meza ya kitanda.

Jumapili, 26 Machi

Naandika ndani ya gari. Kiti cha nyuma, kushoto. Nimepanda kama mkaguzi, na hilo nililisema kwa sauti kabla ya kufungua mlango ili wote wasikie.

Taarifa ya ukaguzi. Tuta la kwanza: mbele limepanda, nyuma limepanda, limetulia. Mara moja tu, halikutikisa kichwa. Njia mbovu ya kule kwenye kiwanda cha mbao: nilikaza mgongo nikingoja maumivu. Hayakuja. Nikangoja tena. Kwenye kona mbele linalala kidogo, kidogo tu. Binti anaikata kona mapema na anashika breki kwa woga, ila makosa hayo si ya springi.

Nimetafuta kasoro. Nimeitafuta kwa bidii, Mungu ananiona! Nimekaa kwenye magari mengi, lakini sijawahi kubebwa namna hii. Subiri kaupima mzigo akaupata sawasawa, na mzigo ni mimi. Inaniuma kwa sababu ni nzuri. Ingekuwa mbovu ningewakatalia leo leo na kesho nyekundu zingekuwa mbele. Tazama mwandiko huu, nimeandika mistari yote ya juu tukiwa tunakwenda, na hakuna herufi iliyoruka.

Sasa tumesimama. Binti kaegesha upande wa pili wa duka la mikate. Kasema anarudi sasa hivi. Injini inaunguruma. Funguo kaziacha kwenye swichi, kiti cha dereva kitupu, mlango haukufungwa vizuri.

Mkunga! Mtu anayehesabu hata vipande vya pamba, aache funguo? Mtego huu. Ananipima tena. Au kasahau kweli, mkate umemchanganya. Au kaniachia nichague mwenyewe, na hilo ndilo sitaki kabisa liwe kweli.

Mke wangu kaegemea kioo, macho kayafumba. Anajifanya kalala. Huyu akilala kweli hukoroma, mtaa mzima shahidi. Mkono wake kauweka kwenye kiti katikati yetu, ule ule mkono.

Kutoka hapa mpaka usukani ni kushuka, hatua chache, kupanda. Nimeshika kitasa. Nimetazama mbele, katikati ya viti, kupitia kioo kikubwa. Barabara ipo. Kuna vitu vya rangi vinatembea. Jua la saa hizi baya sana, linapiga kioo.

Mke wangu kasema, macho kayafumbua nusu: "Kama unashuka, shuka. Kama unabaki, funga mkanda. Binti yako huyo anakuja, anavuka barabara, yuko mbele yetu hapo."

Yuko wapi? Nimeinama mpaka katikati ya viti. Nimefuta kioo kwa leso. Nimetazama tena.

Mimi simwoni mtu.